Ndege wa Bonde la Mkolani

Sisi tuliokulia Mkolani enzi bonde likiwa bado la mpunga tunajua kazi ya kuwinga ndege. Mpunga ukianza kuweka maziwa, watoto tulihamia majarubani. Kwelea walitokea upande wa ziwa alfajiri, wengi ajabu, na kila familia ilikuwa na mtu wake juu ya kichanja, akiwa na debe la kupiga na tope la kurusha. Mikono ilinuka tope hadi kwenye kiazi cha mchana.

Ndege wakiruka kutoka kwako, ulimwita jirani kwa jina ajue wanakuja kwake. Mimi nilimwita rafiki yangu Kulwa, Kulwa akamwita Mama Ngassa, sauti ikapita hivyo mpaka mwisho wa bonde, na ndege wakakosa pa kutua wakaenda zao. Hakuna aliyeruhusiwa kuacha shamba wazi. Mama Ngassa alipofiwa, nilitumwa kukaa kwake. Nilinuna, maana kwake hapakuwa na kivuli. Mama akasema, "Wakila kwake leo, kesho wako kwetu. Kaa huko mpaka jua lizame."

Siku hizi jaruba letu limebaki peke yake. Wenzetu waliuza viwanja, zikaota nyumba. Kulwa anauza vipuri Igoma, Mama Ngassa ametangulia mbele ya haki. Mwaka huu nilichukua likizo nije kumsaidia mama, maana magoti yanamsumbua na hataki kabisa kuliachia shamba lake. Wali wa dukani, anasema, hauna harufu.

Ndege wa bonde zima sasa wanakula kwetu tu. Nikiwafukuza huku, wanatua kule. Kijana wa nyumba ya jirani, masikio yamezibwa na vile vidude vya muziki, alinionea huruma. "Shangazi, unajichosha bure," akaniambia, akarekodi kelele zangu na kuniazima spika yake izipige kwa niaba yangu. Asubuhi ndege walitimka. Mchana walikuwa wamekaa juu ya spika. Nilicheka sana, kisha nikaona uchungu kwamba sina wa kucheka naye. Nyumba zote zile, na hakuna mtu ninayemjua kwa jina.

Jioni moja mama alikuja taratibu na fimbo yake, akashika masuke, akayaminya. Mengi yalikuwa makapi. Akakaa kando yangu kwenye tuta.

"Mwakani tusilime," akasema.

Tangu nifike nilikuwa naomba moyoni aseme hivyo. Aliposema, nilivuta suke la karibu nikaliminya tena, kisha nikaitikia kwa kichwa. Kundi jingine likatua mbele yetu na hakuna aliyenyanyuka. Zamani, mtu kukaa hivyo huku ndege wanakula, angesemwa bonde zima mpaka mavuno. Sisi tulikaa mpaka wakashiba, na hakuna aliyetusema.