Zamu Alizoziachia Mama

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kutafsiri mikataba katika ofisi ya wakili mmoja mjini Bagamoyo. Wanunuzi wa ardhi walileta karatasi za Kiingereza, wenye mashamba walitaka kujua wanatia dole gumba kwenye nini, na mimi nilikaa katikati yao na kompyuta kuukuu. Hapo ndipo nilipokutana na kitenzi “cede”. Familia moja ya Mapinga ilikuwa inakitumia kuipa kampuni shamba lake la mikorosho. Wakili akaniambia niandike “inaachia” tu, tuendelee, watu wamejaa nje.

Sikuendelea. Siliamini neno mpaka nijue lilikotoka, na tabia hiyo imenigombanisha na walimu tangu madrasa hadi chuo kikuu. Nikafungua kamusi. Maana iliyopo leo ni kumpa mwingine ardhi, haki au mamlaka uliyokuwa nayo, mara nyingi kwa shingo upande. Asili yake ni Kilatini, na huko mwanzo kilimaanisha kwenda tu, kuondoka mahali. Baadaye kikawa kumpisha mtu, kisha kumwachia kilicho chako. Kimezaa maneno mengine mengi ya Kiingereza: la kutangulia, la kurudi nyuma, la kuzidi, hata moja la kiofisi la kufariki, ambalo ukilifumua unakuta ndani yake mtu anayeondoka.

Kamusi haikusema anayeachia anakwenda wapi. Niliandika “inaachia”, nikampelekea wakili, lakini siku nzima nilikuwa namfikiria mama yangu. Kitendo kile nilishamwona akikifanya uani kwetu, mbele ya mashahidi, bila Kiingereza chochote.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni baba alipooa mke wa pili. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mapinga, akiwauzia saruji na mabati watu wa mjini wanaojenga kule, na mke mwenyewe alikuwa mjane kijana aliyewapikia mafundi jirani na duka. Zamu zilikuwa siku mbili mbili. Mwanzoni baba alizishika vizuri. Bi mdogo alipojifungua, siku mbili za mama zikawa moja, kisha nusu, kisha simu ya kuuliza kama gesi ipo.

Mwishowe baba akatuma ujumbe, akauleta shangazi, dada yake.

“Kaka anamwogopa Mungu, wifi,” alimwambia mama. “Hawezi kuwafanyia uadilifu wawili. Anaona bora akuache kwa wema kuliko abebe dhambi.”

Mama alikuwa anakaribia hamsini. Kuachwa kwake kulimaanisha kurudi Kiwangwa kwa kaka yake, alale chumba kimoja na magunia ya mihogo mikavu na aombe ruhusa kwa mke wa kaka kila anapotaka kuwasha moto. Nyumba tuliyokaa mjini Bagamoyo ilikuwa ya baba. Wateja wake wa vitumbua walikuwa hapo mtaani. Alitaka kitu kimoja tu, asitolewe katika nyumba ile, na shangazi alilijua hilo, kwa hiyo akamfungulia mlango mmoja: mke anaweza kumwachia mwenzake zamu zake akabaki katika ndoa. Dini inaruhusu, alisema, na wapo wanawake wema wa zamani waliofanya hivyo.

Walikutana uani baada ya Alasiri. Walikuwapo baba, shangazi, na ustadhi wa msikiti wa jirani. Mimi nilikuwa likizo, nikapewa kazi ya juisi.

“Unasema kwa hiari yako?” ustadhi alimwuliza mama.

“Kwa hiari yangu.”

“Hukulazimishwa?”

Mama alitazama bati la jiko. “Zamu zangu nimemwachia mwenzangu. Nisiachwe. Nikae kwangu.”

“Ustadhi,” nikasema, “mtu akiambiwa atoe kimoja au anyang’anywe vyote, hiyo bado ni hiari?”

“Haya, chuo kimefunguliwa!” shangazi akapiga makofi. “Profesa, mimina juisi.”

Ustadhi alicheka. “Swali zuri, binti yangu. Lakini si la leo.”

“La lini?”

“Wewe!” baba akasema.

“Mwanangu,” mama akanigeukia, “kalete glasi.”

Glasi zilikuwa mezani. Nikaenda jikoni nikasimama huko mpaka waliposoma Fatiha.

Tangu hapo baba alikuja Ijumaa. Aliswali mjini, akala kwetu, akaacha unga na sukari, akaondoka kabla ya Magharibi kama mgeni anayewahi usafiri. Sitasema mama aliteseka kila siku, maana si kweli. Alianza kulala na redio inaongea. Alikula karanga kitandani. Jirani mmoja alipomwonea huruma, mama alimjibu kwamba kitanda kizima ni chake na hakuna anayekoroma. Walicheka wote wawili, na mimi nilitaka sana kuamini kwamba lile ni jibu. Lakini Alhamisi jioni alikuwa anajifukiza udi, na Ijumaa asubuhi anabadilisha shuka ambazo hakuna mtu angezilalia zaidi yake.

Mwaka jana baba alipata kiharusi akiwa dukani. Hospitali walimweka, wakamruhusu, upande wa kulia umekufa na mdomo umepinda. Kutoka hospitali hakupelekwa Mapinga. Gari ya kukodi aina ya Noah ilisimama mbele ya nyumba yetu, bi mdogo akashuka na mtoto kiunoni, nyuma yake vijana wawili wanashusha godoro na paketi za nepi za watu wazima.

“Shikamoo dada,” alisema. Macho yalikuwa yamevimba, hakuwa amelala. “Mimi nina mtoto huyu na duka lile. Siwezi kumgeuza peke yangu. Nimekuja kukurudishia zamu zako.”

“Hazirudishwi,” nikasema nikiwa mlangoni.

“Nimeuliza kwa shehe, mwanangu. Kaniambia aliyeachia zamu anaweza kuzirudia wakati wowote.”

“Akizitaka yeye. Umemsikia akizitaka?”

Tulikuwa karibu umri mmoja, na alikuwa akiniita mwanangu. Alinitazama, akamtazama mama, akaanza kulia bila kujifuta. Baba alikuwa ndani ya gari, kichwa kimelala kiooni, mate yanamtoka. Watu walishaanza kusimama barabarani.

“Mwingizeni,” mama akasema. “Jua kali.”

Jioni ile nilimfuata jikoni. Nilimwambia hana wajibu, kwamba aliyempokea akiwa mzima ndiye wa kumpokea akiwa mgonjwa. Mama alikuwa anaosha mchele wa vitumbua ambavyo kesho yake asubuhi hakuvikaanga.

“Nikimkataa?” aliuliza.

“Atapelekwa Mapinga.”

“Na shangazi yako atamkalia kitandani, amwambie tamka, atatamka hata kwa mdomo ule. Nitaachwa. Yote niliyomeza, nimeyameza bure.” Akamwaga maji. “Akifa, anifie mikononi nikiwa mkewe. Hapo hakuna wa kunitoa siku hiyohiyo.”

Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea hivyo. Nilikwenda kulala nikiwa na aibu, sijui ya nani.

Alimhudumia kuliko wauguzi. Alimgeuza, akamkanda, akamlisha uji kwa kijiko cha chai akimfuta kila tone. Vitumbua vilikufa, wateja wakahamia kwa mwingine, na tukaishi kwa mshahara wangu wa mikataba. Redio ilizimwa kwa sababu ilimsumbua mgonjwa. Maneno ya baba yalirudi machache na yote yamevunjika, ila jina moja alilitamka sawasawa, la bi mdogo. Alimwita akitaka maji. Alimwita akishajisaidia. Mama aliitika kwa jina lile, “Abee,” akaleta maji.

Mara moja nilimwona amesimama mlangoni mwa chumba, bakuli mkononi, baba anaita. Hakuitika upesi. Alisubiri mpaka baba akaita tena na tena, sauti ikaanza kuwa ya mtoto, ndipo akaingia. Sikumwambia kwamba nimeona.

Mwisho ulipoonekana, shangazi alikuja kutafuta radhi. Kwetu mwanaume hazikwi hivihivi. Mkewe husema amemsamehe, kwa sababu inaaminika kwamba kinyongo cha mke kinamfuata mume kaburini. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kumshika baba mkono ule uliokufa.

“Wifi, sema neno. Mwachie, aende mwepesi.”

Baba alikuwa anamtazama mama. Jicho moja lilikuwa linatiririka, lakini lilitiririka siku zote tangu kiharusi, kwa hiyo sijui.

“Nitaona,” mama akasema.

“Utaona nini? Unamwosha, unamlisha, halafu neno moja linakushinda?”

“Kumwosha naweza.”

Mimi siamini kwamba ulimi wa mtu unaweza kubana au kupanua kaburi. Nilishabishana juu ya hilo bwenini hadi wenzangu wakaninunia. Miaka yote nilimtaka mama akatae kitu, chochote. Usiku ule nilimwomba aseme tu, maneno mawili, hayamgharimu.

“Kama hayagharimu, mbona wote mnayataka?” aliniuliza, akaendelea kukunja nguo.

Baba alifariki siku ya tatu yake, asubuhi, mama akimlowesha midomo kwa pamba. Ni mama aliyemfumba macho. Wanaume wakaja wakamwosha, wakamvika sanda, na baada ya Adhuhuri jeneza likaletwa sebuleni ili waliobaki nyumbani waage. Bi mdogo alikuwa amefika. Ustadhi yuleyule akasimama mlangoni, uso ameuelekeza nje kwa heshima ya wanawake, akauliza kwa sauti kama wake za marehemu wanampa radhi.

“Nimemsamehe, nimemsamehe,” bi mdogo akalia. “Na yeye anisamehe mimi.”

“Na mkubwa?”

Mama alikaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Wanawake wote waligeuka. Mmoja alimgusa goti. Nilikuwa ubavuni pake na nilisikia pumzi yake inavyoingia na kutoka, polepole, kama ya mtu aliyelala.

Ustadhi akauliza tena.

“Amenyamaza,” shangazi akasema haraka. “Ana uchungu. Mwanamke akinyamaza amekubali. Mchukueni ndugu yetu.”

Wanaume wakainama, wakalishika jeneza, wakalinyanyua.

“Sijasema,” mama akasema.

Hakupaza sauti. Waliokuwa karibu na mlango walisikia, na kijana aliyeshika mguu wa mbele wa jeneza akasimama, wa nyuma wakamgonga, jeneza likayumba. Ustadhi aligeuka nusu. Hakuna aliyejua utaratibu wa hapo.

“Wifi,” shangazi akanong’ona, “yuko juu ya mabega ya watu.”

Mama alishusha kanga ikafunika uso wote.

“Twendeni,” ustadhi akasema mwishowe. “Mungu ndiye anayejua.” Wakatoka naye, na tahlili ikaanza barabarani, ikapita nyumba ya jirani, ikakata kona. Ndani, wanawake walikuwa wakijisogeza taratibu kutoka pale mama alipokaa, kila mmoja akijifanya anatafuta viatu au mtoto, mpaka mkeka mzima ukabaki wake na wangu. Na mimi nilikaa, lakini sikuthubutu kumshika mkono.