Sahani ya Sola Kwenye Tanuru la Masoro

Naikumbuka siku moja pale Masoro, nje ya mji, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, viwanda bado, kilima kizima mashamba. Mimi na Yusufu, babu yako, tulipiga hema huko tuchome matofali. Baba yangu alikuwa mgonjwa nyumbani Rwezamenyo. Vita vilikuwa vimeanza, barabarani kulikuwa na vizuizi vya askari, huendi na kurudi utakavyo, basi tukaelewana na mama: hali ikiwa mbaya, ataniita kwa tangazo la redioni.

Mawe ya redio, yaani betri ndogo, yaliadimika, ila Yusufu alikuwa na sahani ya sola na betri ya gari. Na wewe mwanangu, usicheke: bwana huyo akaiegemeza sahani kwenye tanuru linalowaka!

"Yusufu, hiyo si itaungua?"

"Ee madamu, moto ndio chakula chake! Wewe koroga maharage."

Nikakoroga. Siku ya pili redio ikakoroma, ikanyamaza. Yusufu akakipiga makofi kile kisanduku kinachokaa kati ya sahani na betri, eti kimelala. Kimelala wapi! Kilikuwa cha bei rahisi, kinapitisha tu kinacholetwa, na sahani ikichemka haileti nguvu ya kujaza betri.

Muuza maziwa ndiye aliyetuambia tangazo lilisomwa jana yake. Sisi Waislamu hatucheleweshi kuzika maiti. Nilipofika, baba ameshazikwa.

Mama hakuwahi kumpandishia mkwewe sauti, ni heshima. Siku ile heshima ilimwishia. "Jua lote hili la Mungu, Yusufu, wewe ukaona tanuru?"

Mimi nikalia.

Sasa nyinyi mnakwenda kupiga kambi, na sahani yenu nimeiona mmeilaza juu ya bati la gari. Iinueni, upepo upite chini! Sola inakula mwanga. Joto linaipunguzia nguvu. Wala usinitambie kile kisanduku ghali, cha MPPT. Ndiyo, kinageuza nguvu ya ziada kuwa chaji, lakini ziada hiyo ipo tu sahani ikiwa baridi. Ikiungua, kitageuza nini? Nacho chenyewe kinaogopa joto, kiweke kivulini pamoja na betri.

Haya, nendeni. Mungu awatangulie njiani, na mkiitwa nyumbani, msikie mapema.