Koti Kwenye Kiti cha Abiria

Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe siijui. Haya yalinikuta mchana kweupe, huku ughaibuni, mtaa wa Molenbeek, kando ya mfereji, juu ya mzani wa kupimia malori. Asiyetaka kuamini aache, mimi sitambembeleza.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumba yetu ya Schaerbeek niliiuza, nikanunua gari-nyumba: kitanda, jiko na choo, vyote ndani ya gari moja. Eh, nilisemwa! Binti yangu alilia, "Maman, unataka kulala barabarani tena kama mkimbizi?" Yeye alitaka nihamie kwake, nilale chumba kimoja na wajukuu. Nilikataa. Miaka ishirini nimeogesha wazee wa watu. Sasa nilitaka kuamka saa niitakayo, mahali nipapendapo. Si haki yangu?

Bon. Kwetu Bukavu, siku ya kuondoa matanga, nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake mbele ya watu. Zote. Mimi niligawa, lakini koti lake la baridi nililificha chini ya godoro kwa sababu bado lilikuwa na harufu yake. Na siku ya kufunga mizigo nikakivisha kiti cha abiria koti hilo, ili wezi wakichungulia wadhani nasafiri na mwanaume. Tena nikalipigapiga begani, nikasema kwa sauti, "Haya papa, kaa hapo unilinde." Nikacheka kabisa! Ujinga gani ule?

Leseni yangu hairuhusu gari kupita tani tatu na nusu, kwa hiyo nikaenda kupima. Kesho yake mnunuzi alikuwa anakuja kuchukua funguo za nyumba, na sikuwa na pengine pa kulala isipokuwa kwa binti yangu. Mzani ukasema gari limezidi kilo themanini.

Nikashusha kinu cha kutwangia sombe, yale majani ya muhogo. Limezidi kilo themanini. Nikashusha masufuria, unga wa muhogo, viti. Themanini zile zile. Jasho likanitoka. Mzee wa mzani, Mmoroko mpole, akatoa kichwa dirishani, akaniambia kwa Kifaransa, "Madame, unajichosha bure. Mwambie monsieur ashuke kwanza."

"Monsieur gani?"

"Huyo aliyekaa mbele. Anayegonga goti kwa vidole viwili."

Nani alimwambia habari ya vile vidole? Mume wangu aligonga goti hivyo kila tulipochelewa kuondoka, maisha yetu yote ya ndoa. Na kabla ya ugonjwa alikuwa na kilo themanini, nilimpima mwenyewe. Nikatazama kiti. Sikuona mtu. Niliona koti tu, lakini mabega yake yalikuwa yamejaa.

Hofu ilinishika, sikatai. Halafu ikaja hasira. Nilimuuguza, nilimzika, nilimlilia. Na safari hii moja ya kwangu, nayo anizuie? Nikampigia simu mdogo wake, shemeji yangu, pale pale, nikaungama habari ya koti. "Maman," akasema, "na mimi nilikuwa najiuliza lile koti liko wapi."

Alikuja na mke wake kwa tramu. Nikalitoa koti kitini kwa mikono miwili. Mungu wangu, lilikuwa zito kama mtoto aliyesinzia. Nikamkabidhi mbele ya mke wake na yule mzee wa mzani, ndio wakawa mashahidi. Shemeji akamwambia kaka yake, "Yaya, nguo yako ya mwisho tumeipokea. Muache maman aende. Twende nyumbani." Akalivaa. Magoti yakamkunjika, akajikaza, akasimama.

Nikarudisha kinu, masufuria, unga, viti, kila kitu, nikapanda mzani tena. Tani tatu na nusu kamili. Yule mzee aliinua mikono akaomba dua. Kesho yake nilikabidhi funguo, nikaondoka.

Huu ni mwaka wa tatu niko barabarani, na sijuti. Ila shemeji hunipigia simu. Anasema koti amelitundika nyuma ya mlango, na asubuhi nyingine analikuta limelowa wakati mvua haikunyesha. Anasema kuna sauti inamuuliza maman yuko wapi. "Nimjibu nini?" Nilimwambia, "Mjibu kwamba niko mbali, na niko salama." Siku hiyo nililia mpaka nikaegesha gari pembeni.

Wajane wenzangu, msifiche nguo ya marehemu, hata soksi. Na msimkaribishe kwa mzaha, wafu hawajui mzaha. Mume wangu nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Nilimshusha mwenyewe.