Sileji na Wageni wa Jumapili

Mke wangu hakutaka vihisi vya joto. Alitaka nailoni nene na udongo wa kutosha juu yake, basi. Mimi ndiye niliyerudi kutoka maonyesho ya kilimo mjini Nakuru nikiwa na vijiti vya kupima joto na unyevu, pamoja na programu ya simu yenye akili mnemba. Kijana aliyeniuzia alisema ingejua sileji, yale malisho ya ng'ombe tuliyovundika shimoni, inaharibika kabla pua yangu haijajua. Nilistaafu nikiwa mwalimu wa hesabu. Mtu wa hesabu akionyeshwa mashine inayobashiri kwa tarakimu, huwa amekwisha.

Sileji yenyewe haikuwa ya mchezo. Tulikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba mmoja mwenye mimba yake ya kwanza. Mtamba huyo alilelewa na mke wangu kwa chupa tangu mama yake alipokufa. Mahindi yote tuliyokata kwa ajili ya kiangazi yalikuwa katika shimo moja nyuma ya nyumba, yameshindiliwa kwa trekta na kufunikwa ili hewa isiingie. Yangeharibika, ingebidi mmoja auzwe, na mwenye mimba ndiye anayepata mnunuzi upesi.

Sasa, huku kwetu Elburgon mgeni haondoki kabla ya kuonyeshwa ng'ombe. Jumapili watu hutoka kanisani, hunywa chai, kisha huzungushwa bomani. Wenzangu huonyesha ng'ombe; mimi nilionyesha sayansi. Nilikuwa nikiwapeleka shimoni, nasogeza tairi kuukuu zilizokandamiza nailoni, nafunua kidogo waone kijiti kikiwa kazini, halafu natoa simu. Mzee mmoja wa kanisa aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akaunusa, akatikisa kichwa kwa heshima. Nilijiona kama waziri anayezindua daraja.

Haukupita muda simu ikaanza kulalamika kwamba joto limepanda upande wa mbele. Nikakimbia kufunua ili nikague. Likapanda zaidi. Nikafunua tena. Nikalaumu fuko kwa kutoboa nailoni, nikalaumu mbuzi wa jirani, mwishowe nikailaumu mashine yenyewe. Mke wangu alinisihi nimpigie aliyeniuzia, nami nikangoja hadi Jumapili wageni wawepo. Nikaweka simu spika, kwa sababu nilitaka kijana aaibike mbele ya mashahidi.

"Hii kitu yenu imeharibika," nikamwambia.

"Wacha nicheki, mzee." Nikasikia akibofya. "Sasa mzee, hapa system inaonyesha hewa inaingia kila Sunday, kuanzia saa nane hivi. Kwani ni nani hufungua hiyo nailoni after church?"

Hakuna aliyenitazama. Mzee wa kanisa alitia mkono wake mfukoni. Mke wangu alikuwa akimimina chai, na aliendelea kumimina.

"Muulize kama ni fuko," akasema.

Tulipofunua kesho yake, sehemu yote ya mbele ilikuwa nyeusi, imeota ukungu, na ndani yake joto la kuchoma vidole. Tuliitoa kwa mkokoteni siku nzima tukaimwaga kwenye mbolea. Niliona aibu hata ya kuugua, maana wale wageni wangekuja kunijulia hali.

Mnunuzi alitoka Olenguruone, ambako nyasi zilikuwa bado zipo. Mke wangu mwenyewe alimfungua mtamba, akamwongoza hadi kwenye pikapu, akamweleza yule mtu kwamba ukimkuna nyuma ya sikio la kushoto atakufuata popote. Kisha akaingia jikoni, na nikamsikia akilia. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. 

Nikaenda kukaa kwenye ngazi. Simu ikaniuliza kama idadi ya mifugo imebadilika. Nikaweka wawili. Ikafikiri kidogo, kisha ikaniandikia kwamba kwa idadi hiyo chakula kitafika hadi mvua, na ikanipongeza kwa usimamizi mzuri.

"Inasema nini tena hiyo?" mke wangu akauliza kutoka ndani.

Nikamwambia haijasema kitu.