Nilirekodi uongo kuhusu kofia ya dada yangu, ikabidi niende Mtoni

Wakuu, asalaam alaykum, na habari za jioni kwa wasio wa salamu hiyo.

Mimi ni mzee wa Mji Mkongwe, elimu yangu Form Four, na ninachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie. Humu siongezi chumvi. Chumvi nimeshaitia ya kutosha maishani, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Mtaani kwetu kuna kikundi kinachorekodi kumbukumbu za watu wa kawaida. Aliyeuza kahawa, aliyekuwa mkunga, aliyeshona. Anayekiongoza ni Bi Asya, mwalimu wa skuli.

Utaratibu wao ni huu: ukishazungumza, rekodi haihifadhiwi hapo hapo. Kwanza inachezwa barazani, majirani wanasikiliza, mwenye la kusahihisha anasahihisha.

Mimi niliitwa kwa ajili ya kofia.

Wa umri wangu huenda mnaikumbuka "Nyota ya Haji". Kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, imejaa vinyota vidogo kuzunguka kichwa. Haji ndiye mimi. Nimeiuza soko la Darajani miaka mingi, mabwana harusi wakiigombania.

Basi nikakaa mbele ya simu ya Bi Asya, nikasimulia kwamba mchoro ule niliuota. Nikaieleza na mbingu niliyoiona ndotoni, kipande kwa kipande. Bi Asya akasema, "Mashaallah, babu."

Wakuu, mimi sijui kuchora hata yai.

Mchoro ni wa mdogo wangu, Mwanaidi. Alichora yeye kwa penseli, akashona yeye, mimi kazi yangu kubeba mfuko hadi sokoni. Wateja walipouliza fundi ni nani, nikasema mimi. Nilijiambia si vizuri jina la mwanamke kutajwa sokoni. Kisingizio tu. Sifa zilikuwa tamu.

Na si sifa peke yake. Siku moja walikuja akina mama wa ushirika wakimtafuta mchoraji awafundishe wasichana. Nikawajibu mchoraji ni mimi, na sina nafasi. Mwanaidi alikuwa nyumbani, sindano mkononi, na kufundisha ndicho kitu alichokitamani tangu mdogo. Habari akaja kuzisikia kwa jirani. Hakunigombeza. Ila tangu siku hiyo hakuchora kofia nyingine.

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sasa rekodi ilikuwa ichezwe Alhamisi. Jumatano asubuhi nikaenda kwa Bi Asya.

"Mwalimu, nifutie ile."

"Kufuta ni kubonyeza tu, babu. Kwani ina nini?"

Nikamwambia yote. Akanitazama, akasema, "Nikifuta, kofia itabaki haina mwenyewe. Mwenyewe yu hai?"

"Yu hai. Yuko Mtoni, nje kidogo ya mji."

"Basi tunangoja nini?"

Tukamkuta Mwanaidi uani anachagua mchele kwa vidole, maana macho yameshaingia ukungu. Ni mjane, anaishi na binti yake.

"Shikamoo kaka. Leo umepotea njia?"

"Marahaba. Nimekuja na mwalimu. Nilimwambia ile kofia ni yangu. Nimekuja kusema mbele yako kuwa ni yako, na wale akina mama wa ushirika walikuwa wanakutafuta wewe. Nisamehe, mdogo wangu."

Mchele ukaendelea kuchaguliwa.

Mwisho akasema, "Nilidhani utazikwa nalo."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Nilishakusamehe zamani. Nilikuwa nangoja uje uombe tu. Miguu yako mizito, kaka!"

Bi Asya akaomba ruhusa, akawasha simu. "Bi Mwanaidi, hizi nyota ulizitoa wapi?"

"Nyota gani?"

"Za kwenye kofia."

Mwanaidi akaacha sinia. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Nyota! Haji, hebu tizama vizuri. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Zile ni nyayo za kunguru! Asubuhi nilikuwa nikiteremka pwani hapa nazikuta mchangani, nzuri, zimepangika. Nikazichora."

Wakuu, hebu fikirini. Miaka yote hiyo nimewavisha mabwana harusi na masheikh wa watu kunguru kichwani, nikiapa ni mbingu. Niliiba kitu nisichokijua hata ni nini, kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Alhamisi zilichezwa rekodi mbili. Kwanza yangu mpya, ya kukiri, fupi. Kisha ya Mwanaidi, ndefu, na kicheko chake kimo. Alikuja mwenyewe, akakaa mbele. Mzee mmoja pale barazani aliivua kofia yake, akaigeuza geuza, akasema, "Haji, umenifungisha ndoa na kunguru!" Aliyecheka zaidi ni Mwanaidi.

Na wasichana wawili walibaki baada ya watu kutawanyika, wanataka awaelekeze. Macho hayaoni vizuri, lakini anawashika mkono, anauongoza.

Funzo nililolipata: ukiombwa kusimulia maisha yako, kabla hujafungua mdomo, nenda kamuulize uliyeishi naye. Anajua usilolijua.

Nimejibiwa kwa upole nisioustahili, na nimetulia moyo.

Je, nyumbani kwenu kuna kazi ya mtu inayobeba jina la mwingine? Mtajeni hapa. Nitasoma zote, polepole.