Kivuli cha Blugamu za Baba

Leo nimemdanganya baba yangu. Kabla hamjanihukumu, someni hadi mwisho.

Nilimpeleka mume wangu kuona maporomoko ya kwetu, nyuma ya mji wa Litein. Njia ya korongoni ni fupi, kivuli cha blugamu, yaani mikaratusi, mwanzo hadi mwisho.

"Kwenu ni kuzuri," akasema. Nikajidai, jamani!

Tukafika. Maji hakuna. Mwamba mkavu tu, na majani ya blugamu hadi kwenye vifundo vya miguu.

Miti hiyo baba aliipanda mwenyewe kando ya mto, akiuzia kiwanda cha chai kuni. Ndiyo iliyonisomesha. Ndiyo iliyokunywa mto.

Siku hizi magoti hayamruhusu kushuka huko. Tuliporudi akauliza, "Mmeona maji?"

"Tumeona, baba."

Akatabasamu. "Vizuri. Kesho naletewa miche mingine."