Beji ya Mama wa Usafi

Katika maabara yetu ya mionzi, mimi ndiye niliyekuwa mkali. Mwanafunzi akiingia na peremende mdomoni, nilimfukuza. Asiyevaa beji, kile kipande kidogo cha kifuani kinachopima mionzi iliyompata mtu, hakuvuka mlango. Nyani haoni kundule.

Ijumaa moja, nikiwa na haraka ya kwenda nyumbani Kilungu, nilivaa beji ya mama anayetufanyia usafi. Nilipogundua, niliivua nikaiweka ndani ya kabati la madini ya risasi yanayozuia mionzi, kando ya vyanzo vyenyewe vya mionzi, ili niirudishe nikimaliza. Nikasahau. Jumatatu niliikuta humo. Niliitundika kwenye msumari wake na sikumwambia mtu.

Beji hupelekwa Nairobi kusomwa. Majibu yaliporudi, beji ya mama huyo ilikuwa imepita kiwango mbali sana. Mkuu wa idara akamwambia akae nyumbani kwake, kijijini Tulia, apimwe damu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Niliogopa kazi yangu, nikajidanganya kwamba hospitali itaona hana tatizo bila mimi kufungua mdomo.

Wiki hiyo hiyo mwana wa kiume wa mama huyo alipata binti wake wa kwanza. Kwetu Ukambani, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba.

Miezi mitatu baadaye alikuja chuoni kutia sahihi karatasi. Nilimnyooshea mkono getini, akarudi nyuma.

"Usinishike, Mwalimu, mionzi isikupate. Hata wajina wangu sijamshika. Namuangalia tu na dirisha."

"Pole, Mama," nikasema. Hayo tu. Hadi leo nayaonea aibu maneno hayo mawili kuliko kosa lenyewe.

Damu ilionekana safi. Lakini hakuamini, na mimi nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba beji haidanganyi. Kanisani waliendelea kumwombea. Alikula kwa sahani yake, akalala katika chumba cha stoo.

Mwezi wa tano tangu arudishwe nyumbani, nilishindwa kuvumilia. Nilimwandikia mkuu kila kitu, kisha nikaenda Tulia. Nilimkuta uani akipepeta ndengu. Nikamweleza: Ijumaa, kabati, Jumatatu. Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Kwa hivyo mimi sina kitu?"

"Huna, Mama. Hukuwa nacho hata siku moja."

"Na ile siku ya geti, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Aliweka ungo chini, akanawa mikono hadi viwikoni, akanawa tena, akamwita mkaza mwanawe alete mtoto.

Akampokea kwa mikono yote miwili. Mtoto alimtazama usoni, akakunja mdomo, akaanza kulia, akijipinda kumrudia mama yake. Hakumjua.

"Nyamaza, susu," akamwambia. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na ndivyo mtoto mwenye jina la nyanya anavyoitwa pia. "Nyamaza. Utanizoea."

Mimi hakuniangalia tena. Mtoto aliendelea kulia, naye hakumwachilia.